Weka tangi kwa skrini kabla hujanunua sensa

Watu wengi wakisikia unaprogramu Arduino (ile bodi ndogo ya elektroniki) kwa Simulink, programu ya MATLAB ya kuchora mifumo kwa bloku, wanadhani ni njia ya mkato ya mtu asiyetaka kuandika kodi. Mimi kazi yangu ni mambo ya kontroli na nawaambia si hivyo, kodi ya kuwasha na kuzima pampu mtu yeyote mwenye subira anaandika jioni moja. Faida iko kwingine kabisa: ile kitu unataka kukontroli unaichora pia, pale pale kwa skrini, inaunganishwa na kontrola yako, yaani ile sehemu inayoamua kuwasha na kuzima, na unaona vile zitasumbuana hata kabla hujatoa shilingi mfukoni.

Tuchukue pampu ya maji, juu hiyo shida iko karibu kila ploti Nairobi. Maji ya kanjo yanakuja kwa zamu, yanaingia tangi la chini, halafu pampu inayapandisha hadi tangi la juu ya paa. Kazi ya bodi ni kuwasha pampu maji ya juu yakipungua, kuzima tangi likijaa, na kukataa kabisa kuwasha kama chini hakuna kitu, maana pampu ikizunguka kavu sili yake inaungua na hapo ni gharama.

Kuchora tangi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unachukua maji yanayoingia, unatoa yanayotumika, unagawanya kwa eneo la kitako cha tangi, unapitisha jibu kwa bloku ya Integrator inayojumlisha mabadiliko kadiri muda unavyosonga, na kinachotoka upande wa pili ni kina cha maji. Basi. Pampu ya lita 30 kwa dakika na tangi lenye kitako cha mita moja ya mraba, maji yatapanda sentimita 3 kila dakika kama hakuna mtu amefungua mfereji. Uamuzi wa kuwasha unawekewa bloku inaitwa Relay, unaipanga pampu iwake kina kikishuka hadi mita 0.4, izime kikipanda hadi 1.3, na hapo katikati iendelee na hali iliyokuwa nayo. Ukiweka kiwango kimoja tu cha kuwasha na kuzima, pampu itakuwa inawaka na kuzima ovyo kila maji yakitikisika, na hiyo kwa grafu unaiona wazi kabisa.

Sasa hapa kwa sensa ndio napenda watu wakae kidogo. Bodi ya Arduino Uno R3 inasoma volti 0 hadi 5 kama namba kutoka 0 hadi 1023. Kuna sensa za presha za bei nafuu zinauzwa sana, za megapaskali 1.2, zinatoa volti 0.5 presha ikiwa sufuri na 4.5 ikifika mwisho, kwa hivyo kwa bodi ni kama namba 102 hadi 921. Inasikika poa. Lakini tangi la mita 1.5 likijaa pomoni, presha ya chini ni kama kilopaskali 15 pekee, na sensa yenyewe imetengenezewa 1200. Ukipiga hesabu, kutoka tangi tupu hadi tangi limejaa namba inasonga hatua kama 10 hivi, yaani kila hatua ni sentimita 15 za maji! Ukiiweka hiyo kwenye modeli, mstari wa kina kwa grafu unakuwa ngazi, na ukiongeza kelele kidogo ya umeme kontrola haijui kama maji ni ya goti ama ya paja. Badilisha uweke namba za MPX5050, sensa nyingine ya presha ambayo mwisho wake ni kilopaskali 50, na tangi hilo hilo linakupa hatua karibu 270. Umebadilisha namba mbili tatu tu, na hujafika bado Luthuli kwa maduka ya elektroniki.

Kuna shimo lingine la aina za namba. Usomaji wa sensa unatoka kwa bloku kama uint16, yaani namba nzima ya biti 16 isiyo na hasi, na hiyo inaishia 65535. Mtu anataka kuepuka desimali anazidisha usomaji mara 100, 1023 inakuwa 102300, haitoshei, na kama umeacha matokeo yawe uint16 inayobaki ni 36764. Kwa hivyo kama sensa yako inasoma 1023 tangi likijaa, kontrola inaona kama liko chini ya nusu, inaendelea kupampu, maji yanamwagika kwa ukuta wa jirani. Simulink inakokotoa kwa aina zile zile za namba ulizochagua, so kosa linatokea kwa skrini kwanza. Tafadhali usiache kila kitu kiwe double, ile aina ya namba za desimali, ndio usifikirie, hiyo chipu ya Uno R3 haina sehemu yake ya kupiga hesabu za desimali na RAM ni kilobaiti 2 peke yake.

Ukisharidhika, tangi linabaki kwa laptopu, kontrola pekee ndiyo inaenda kwa bodi. Mimi naweka kontrola kwa faili yake, nachagua solva (sehemu inayopiga hesabu za modeli) ya hatua isiyobadilika, na muda wa sampuli, yaani kila baada ya muda gani inasoma, naweka sekunde 1, maana maji yanayosonga nusu milimita kwa sekunde hayahitaji kuangaliwa mara elfu. Unabonyeza kitufe, inageuzwa kuwa kodi ya lugha ya C, inakompailiwa, inapakiwa kwa USB. Kama unataka kuona namba zikisonga huku bodi inafanya kazi, tumia Mega, Arduino yenye nafasi kubwa zaidi, kodi ya mawasiliano inakula nafasi na Uno inajaa haraka. Kama pesa ya leseni ya MATLAB haiko, tangi hilo unaweza kulichora kwa Xcos ya Scilab ambayo ni ya bure, kisha kodi uandike kwa mkono.

Kitu kimoja modeli haitakuonyesha ni stima ya pampu yenyewe. Ile relei ndogo ya buluu, swichi ya kweli inayowashwa na bodi, imeandikwa ampia 10, lakini mota ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida na vile vishikizo vya ndani vinaweza kushikana visiachane, pampu isizime tena. Acha relei iwashe kontakta, swichi kubwa iliyotengenezewa mota, na kontakta ndiyo iwashe pampu, na hiyo upande wa volti 240 mpatie fundi wa stima mwenye leseni.