Kuku wachache nyuma ya nyumba: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mayai yasipoanguliwa, lawama humwendea jogoo au mashine. Mara nyingi kosa lilishafanyika wiki kadhaa nyuma, kwenye chombo cha chakula au mahali mayai yalipohifadhiwa. Dhana nyingi zilizomo hapa zina asili hiyo moja: tatizo linaonekana leo, basi chanzo nacho kinatafutwa leo.

Dhana: Mahindi na mabaki ya jikoni yanamtosha kuku

Yanamshibisha, ila kutaga ni habari nyingine. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 hivi, ilhali mtetea anayetaga anahitaji chakula chenye asilimia 16 hadi 18. Kwa siku hula gramu 100 hadi 130 tu. Akijazwa mahindi asubuhi hana tena nafasi ya kitu kingine, na kwa kuwa mahindi ni wanga zaidi kuliko kitu kingine chochote, ananenepa tumboni huku mayai yakipungua. Hapo ndipo anapoambiwa amezeeka.

Nafaka tupu na mabaki anayopewa juu ya chakula kilichochanganywa visizidi sehemu moja ya kumi ya mlo. Anayechanganya chakula mwenyewe aongeze mashudu ya soya au alizeti, dagaa wa kusaga, na mchanganyiko wa madini na vitamini. Hizo vitamini ndizo zinazorukwa kuliko vyote, kwa sababu mtetea aliyezikosa anaweza kuendelea kutaga bila dalili yoyote. Athari hujitokeza kwenye mayai: upungufu wa vitamini B2, kwa mfano, huua viinitete vikiwa bado ndani ya ganda, na wachache wanaotoka huja na vidole vilivyojikunja. Kwa hiyo mayai ya kuatamiwa yasichukuliwe kwa kuku waliorekebishiwa chakula jana. Wape wiki tatu kwanza.

Maji nayo ni chakula. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, na zaidi wakati wa joto.

Dhana: Mahindi yenye ukungu hayafai watu, lakini kuku hayamdhuru

Yanamdhuru. Sumukuvu huharibu ini na kudhoofisha kinga ya mwili, hata chanjo isifanye kazi vizuri. Kuanika, kuosha wala kupika hakuiondoi. Tupa.

Dhana: Ukimpa kuku maganda ya mayai, atajifunza kula mayai

Anayekula mayai kwa kawaida huanza pale yai lenye ganda jembamba linapopasuka kiotani akaonja kiini. Yaani kumnyima madini ya chokaa ndiko kunakoleta tabia hiyo. Ganda moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu na hujengwa kwa takriban saa 20, sehemu kubwa usiku kuku akiwa amelala. Vipande vikubwa kidogo vya magamba ya chaza au maganda ya mayai hukaa kwenye firigisi na kuachia kalsiamu polepole usiku huo; unga laini hupita upesi. Kausha maganda vizuri, yaponde yasifanane tena na yai, kisha yaweke kwenye chombo chake pembeni, kila mtetea ajichukulie kadiri anavyohitaji. Usiyachanganye kwenye chakula cha kundi zima, na usiwape vifaranga chakula cha kuku wa mayai: kalsiamu nyingi kabla ya umri wa kutaga huharibu figo.

Changarawe si mbadala. Kazi yake ni kusaga chakula.

Dhana: Bila jogoo hakuna mayai

Mayai yapo, vifaranga ndio hawapo. Kwa vifaranga, jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Mbegu zake huishi ndani ya mtetea wiki mbili na pengine zaidi kidogo, hivyo ukibadilisha jogoo subiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai, la sivyo utapata vifaranga wa yule aliyeondoka.

Dhana: Yai linaloelea halina mbegu, na lililochongoka litatoa jogoo

Maji yanaonyesha umri wa yai tu. Kadiri siku zinavyopita, unyevu hutoka, kifuko cha hewa hutanuka, na yai huelea, liwe na mbegu au lisiwe nayo. Ubaya zaidi, kulitumbukiza au kuliosha huondoa utando wa nje unaoziba vitundu vya ganda, na vijidudu hupata njia. Yai lililochafuka sana liende jikoni, lisiende kuatamiwa. Na jinsia huamuliwa na mtetea kabla hata ganda halijaanza kujengwa, kwa hiyo umbo la ganda haliwezi kuiambia.

Kinachofaa ni kumulika kwa tochi gizani siku ya 7. Yai lenye uhai lina doa jeusi na mishipa ya damu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na mbegu ni angavu kote. Lenye pete ya damu lilikuwa na kiinitete kikafa mapema. Mengi ya pete ya damu ni ishara ya kuchunguza uhifadhi: mayai yakae mahali pa nyuzi 13 hadi 18, ncha nyembamba chini, yasizidi siku 7. Baada ya siku 10 uwezo wa kuanguliwa hushuka haraka.

Dhana: Mashine ikifika nyuzi 37.5, kazi imekwisha

Kipimo hicho ni cha mashine yenye feni. Isiyo na feni huhitaji nyuzi 38.5 hivi, zikipimwa usawa wa juu ya mayai, kwa sababu hewa ya moto hupanda na chini hubaki baridi. Joto likizidi ni hatari kuliko likipungua: saa chache kwenye nyuzi 40 huleta madhara makubwa kuliko saa chache kwenye 35. Vifaranga wote wakitoka siku ya 19 au 20, joto lilikuwa juu. Wakichelewa hadi 22 au 23, lilikuwa chini.

Geuza mayai angalau mara 3 kwa siku, na idadi iwe witiri, ili upande uliolala usiku mmoja usilale tena usiku unaofuata. Unyevu wa asilimia 45 hadi 55 unafaa kwa siku 18 za mwanzo. Mizani ndogo itakupa uhakika zaidi: yai lipoteze asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18, yaani la gramu 60 libaki na 53 hivi. Likipoteza kidogo mno, kifuko cha hewa huwa kidogo na kifaranga huzama kwenye majimaji akijaribu kutoka. Siku ya 18 acha kugeuza, pandisha unyevu hadi 65 au 70, funga.

Dhana: Kifaranga aliyetoboa ganda asaidiwe

Kutoka kwenye tundu la kwanza hadi kutoka nje huchukua saa 12 hadi 24. Muda huo hajakwama. Anamalizia kufyonza kiini na damu iliyo kwenye mishipa ya utando. Ukimbandua mapema atavuja damu. Kila unapofungua kifuniko unyevu hukimbia, utando hukauka na kumbana yeye na wenzake. Waliokwisha kutoka wanaweza kukaa siku nzima bila kula kwa sababu kile kiini bado kinawalisha.

Dhana: Kuku wa kienyeji hafi kwa mdondo, na akiugua zipo dawa za majani

Mdondo huweza kumaliza kundi lote la kienyeji ndani ya siku chache. Ni virusi, hivyo antibiotiki haiviui, na majani hayajathibitika kuviua. Kilichopo ni chanjo, kwa kuku wazima, kabla ugonjwa haujaingia. Ile ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, kadiri lebo inavyoelekeza. Mtetea aliyechanjwa hupitisha kinga kwenye kiini hadi kwa kifaranga, lakini hufifia katika wiki mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo kifaranga anahitaji chanjo yake mwenyewe.