Hawatukimbii kwa Kutotujua

Katika vikao vya afya ya uzazi huku Mtwara, likiulizwa kwa nini mama fulani kazalia nyumbani, majibu huwa ni yale yale: umbali, umaskini, elimu ndogo. Siyapuuzi. Mtu wa kijiji cha ndani kabisa Liwale wakati wa masika, au wa kisiwani Songosongo anayesubiri mashua na upepo, hana haja ya kuelezwa umbali ni nini. Lakini mimi ni mkunga, na anayeniumiza kichwa si huyo. Ni yule ambaye bati la zahanati analiona akiwa uani kwake, kliniki kahudhuria, sindano ya pepopunda kachoma, kadi yake imejaa maandishi yetu. Usiku uchungu ulipomshika akafunga mlango, akamwita mama yake mzazi.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta watoto 63 katika kila 100 wanazaliwa kwenye vituo vya afya. Ule wa 2022 ukakuta 81. Kwa hiyo wengi wanakuja, na habari ya kituo imeshafika kila kona. Kuna jambo jingine tafiti hizi zinalionyesha kila zinaporudiwa: mtoto wa kwanza huzaliwa kituoni zaidi kuliko wa tano au wa sita. Sasa kama tatizo lingekuwa kutojua, mama wa mimba ya sita ndiye angekuja mbio, maana somo letu kalisikiliza mimba zote hizo. Kumbe anayetujua zaidi ndiye anayepungua. Wapo wanaosema ni mazoea, mwili umeshaijua kazi. Ni kweli kwa sehemu. Ila nikikaa nao chini ya mkorosho, bila koti jeupe na bila daftari, wengi hawaanzi na mazoea. Wanaanza na mara ile ya mwisho walipokuja kwetu.

Husimulia hivi. Alifika usiku, akaambiwa njia bado, arudi nyumbani. Au alipokewa, akalazwa chali, akapimwa njia na mtu wa kwanza, kisha wa pili, kisha mwanafunzi, bila yeyote kutaja jina lake. Mama yake aliyemsindikiza alibakishwa nje ya mlango. Alipolia akafokewa: ulipokuwa unaitafuta hii mimba ulilia? Maneno haya kila mwanamke aliyezaa anayajua, na wahudumu wenzangu tukubali kwamba hayakutungwa na wasiotupenda. Wapo pia waliopigwa kofi la paja. Halafu akahesabiwa na kuandikwa kama gunia la korosho ghalani, akapewa kitanda pamoja na mwenzake.

Nyumbani ni tofauti. Anapiga magoti, anachuchumaa, anashika mti wa nyumba. Nyuma yake yupo mama au bibi amemkumbatia kiunoni. Ajabu ni kwamba sayansi imekwenda upande wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema mama awe na mtu wake anayemtaka pembeni, achague mkao wa kusukuma, na asiharakishwe eti kwa sababu njia haifunguki sentimita moja kila saa. Bibi wa Tandahimba hakuusoma mwongozo huo, lakini mambo haya matatu anayafanya. Sisi tunao umebandikwa ukutani na bado mlango tunaufunga. Mara nyingine sababu ni ya kweli: chumba cha leba ni kimoja, vitanda viwili, hakuna pazia, na ndugu wa huyu atamwona mwenzake uchi. Pazia tu lingeturudishia wanawake wengi, na hilo si jambo la bajeti kubwa.

Halafu kuna heshima ya umri. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera wote wamelea wasichana wao kwa unyago, na huko mambo ya uzazi yana wenyewe: huyaoni mpaka upitie. Sasa mama wa miaka arobaini anafika zahanati na kumkuta binti aliyemaliza chuo juzi, hajazaa, au kijana wa kiume. Zahanati nyingi zina muuguzi mmoja tu, hakuna wa kubadilishana naye. Mimi simlaumu kijana huyo, amesomea na anaweza kazi. Lakini najua mama aliyevuliwa nguo mbele ya mtu wa rika la mwanawe atafikiri mara mbili safari ijayo.

Vitu vidogo navyo vinaumiza kuliko tunavyodhani. Huduma ya uzazi ni bure kwa sera, tangu miaka ya tisini. Bado mama anaambiwa aje na glovu, wembe, kibana kitovu, pamba, mpira wa kulalia, khanga safi. Huku Newala, ambako maji juu ya uwanda yamekuwa ya shida miaka mingi, na ndoo ya maji pia. Msimu wa mnada wa korosho hilo halisumbui. Mtoto akija mwezi wa tatu, pesa zimekwisha na njaa ipo shambani, mama anaona aibu kuja mikono mitupu. Anayekuja kliniki bila mume anaambiwa alete barua ya mtendaji. Kuna na suala la zalio, yaani kondo la nyuma: nyumbani linazikwa na wakubwa wa ukoo, kwetu linatupwa kwenye shimo la kondo pamoja na ya wengine. Anayetaka kuondoka nalo tungeweza kumpa. Mara nyingi hata haulizi, maana hajui kama kuuliza kunaruhusiwa.

Nisiipambe nyumba, hata hivyo. Uchungu ukikawia, wapo wazee watakaomwuliza mzazi amelala na nani, na kumshikilia aungame kabla hawajatafuta usafiri. Wapo wanawake wanaokuja kwetu wakikimbia hilo hasa, na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, ambazo zinaweza kuubana mfuko wa uzazi mpaka upasuke. Na kwa kuwa ukoo hapa unakwenda kwa upande wa mama, anayesema twende au tungoje mara nyingi ni bibi au mjomba, si mume tunayemwita kila siku kwenye semina.

Kuna kosa letu jingine, la mfumo. Mwongozo wa hapa nchini unasema mwenye mimba ya tano na kuendelea azalie kituo kikubwa, si zahanati, kwa kuwa hatari yake ni kubwa zaidi. Kitabibu ni sahihi. Lakini mama wa mimba ya sita, mwenye watoto watano na mbuzi, anaposikia "kwako ni hospitali ya Ndanda au Ligula, hapa hatukupokei", hasikii Ndanda. Anasikia hatukupokei. Wodi za mama ngojea, za kusubiri uchungu karibu na hospitali, zipo sehemu kadhaa, ila nani atabaki na watoto wiki mbili? Hivyo aliye hatarini zaidi tunamsukuma sisi wenyewe mpaka chumbani kwake.

Nikisoma habari za Ulaya na Marekani nakuta wanawake wenye gari, bima na hospitali jirani, nao wanaamua kuzaa bila mkunga wala daktari. Uingereza sheria haimkatazi mwanamke kuzaa peke yake. Inachokataza ni mtu asiye mkunga wala daktari kujitwika kazi ya kumzalisha, isipokuwa kwa dharura. Wengi wao ukiwauliza sababu wanataja uzazi uliotangulia: waliguswa bila ruhusa, walichanwa bila kuelezwa, hawakusikilizwa. Mama wa London na mama wa Kitangari huku kwetu hawafanani kwa kitu, lakini hapo wanaongea lugha moja.

Huku kwetu dawa tuliyoitafuta ni faini. Vijiji vingi vimeweka sheria ndogo: ukizalia nyumbani unalipa, na mkunga wa jadi aliyekushika analipa. Matokeo yake ni uongo. Mama anakuja asubuhi na mtoto amefungwa khanga, anasema "nimezalia njiani, nesi". Njia gani hiyo, ya dakika kumi? Tunaandika njiani, takwimu zinapendeza. Na mkunga wa jadi, ambaye miaka ya nyuma alipewa mafunzo na sanduku la vifaa, sasa anajificha, wakati yeye ndiye angemwona mapema mama anayetokwa damu na kutupigia simu.

Maana hapo kwenye damu sina mjadala na mtu. Wengi wanaotokwa damu nyingi baada ya kuzaa hawakuwa na dalili yoyote kabla. Watoto watano waliozaliwa salama si dhamana. Mfuko uliobeba mimba nyingi unaweza kuchoka kujikaza. Nusu lita tayari ni hatari, na damu ikikaza mwendo mama anaweza kufa ndani ya saa mbili. Sindano ya oksitosini inayokaza mfuko wa uzazi, yuniti 10, tunamchoma ndani ya dakika moja mtoto akishatoka, na inatunzwa kwenye friji. Bibi hana. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania: mama aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia damu, na ikizidi anapewa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja. Damu nyingi kupita kiasi, upasuaji na vifo vitokanavyo na damu, vikihesabiwa kwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Hayo yote yanahitaji mtu mwenye ujuzi aliye karibu.

Kwa hiyo mama akiniambia waziwazi atazalia nyumbani, sigombi naye, kwa sababu nikigomba ataacha kuniambia. Namwuliza nani atalala naye, na simu ya nani ina chaji. Namwandikia 115, namba isiyo na malipo ya m-mama, inayotafuta gari la dharura kwa wajawazito na wachanga. Namtajia mambo ya kuondoka nayo nyumbani bila kusubiri ruhusa ya mjomba: khanga imelowa damu chapachapa, zalio halijatoka nusu saa baada ya mtoto, kichwa kinauma na macho yanaona giza, uchungu umevuka usiku mzima, mtoto halii. Na akishazaa aje siku hiyo hiyo, aseme alizalia wapi na saa ngapi, kwani dawa za mtoto na uangalizi wa mama tunahesabu kuanzia saa hiyo. Mhudumu akimfokea kwa kusema kweli, namba ya simu ya mganga mfawidhi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Apige.