Nyambizi Zilizozeeka na Watu Waliomo Ndani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Septemba 2023 ilisambaa picha ya nyambizi ya Uingereza ikirejea kambini Faslane, Scotland. Mwili wake mweusi ulikuwa umeota mwani, na juu ya mwani yamegandamana magamba meupe kama yale yanayoganda chini ya jahazi lililosahauliwa majini. Mtu wa pwani haelezwi maana yake. Chombo hakipati sura ile kwa wiki mbili. Kile kilikuwa kimekaa baharini zaidi ya miezi 6.

Tangu wakati huo nimesikia barazani maelezo ya kila namna kuhusu nyambizi. Mengine yana chembe ya ukweli, mengine ni ya kwenye sinema. Nimeyachukua yanayorudiwa sana.

"Nyambizi ya nyuklia haina haja ya kurudi nchi kavu"

Kinu cha nyuklia kinachoiendesha kweli hakidai mafuta kwa miaka mingi. Maji ya kunywa hutengenezwa kutokana na maji ya bahari, oksijeni hupatikana kwa kupitisha umeme katika maji yaliyosafishwa, na hewa ya ukaa wanayotoa watu hunyonywa na mitambo. Mpaka hapo msemaji yuko sawa.

Kinachokwisha ni chakula, na kinachochoka ni binadamu. Nyambizi za Uingereza za aina ya Vanguard zina urefu wa mita 150 hivi na hubeba watu zaidi ya 130. Vitanda vingine vimebanwa katikati ya mirija ya makombora, vitatu vitatu kwenda juu, na pazia ndilo ukuta. Zamu ni saa 6 kazini, saa 6 mapumziko, na katika hizo za mapumziko ndimo mtu ale, aoge, asome na alale. Mboga mbichi na matunda huisha mwanzoni mwa safari. Baada ya hapo ni vya kopo, vya kugandishwa na unga wa mkate unaokandwa humo humo. Jua halionekani, kwa hiyo watu huijua siku kwa kinachopakuliwa mezani.

Chombo cha picha ile kilipangiwa doria ya miezi 2 hadi 3. Ukimwambia mtu aliyejiandaa kwa miezi 3 kwamba atakaa 6, kinu hakitalalamika.

"Wanakaa muda mrefu kwa sababu ya Urusi"

Hili ndilo ninalobishana nalo zaidi, maana linaonekana la busara. Kwamba dunia imechafuka, basi walinzi wameongezewa muda. Ukifuata hesabu utakuta sababu kubwa iko karakanani.

Tangu 1969 Uingereza imejiwekea sharti kwamba wakati wote, usiku na mchana, lazima nyambizi moja yenye makombora ya nyuklia iwe mafichoni baharini. Kwa kazi hiyo inazo nne: Vanguard, Victorious, Vigilant na Vengeance. Moja iko doria, moja imefunguliwa kwa matengenezo makubwa, mbili ziko kwenye mazoezi au zinajiandaa kupokea zamu. Nne zinatosha, ilimradi iliyoingia karakanani itoke kwa wakati.

Vanguard haikutoka. Kisa kilianzia mbali, Dounreay, kaskazini kabisa ya Scotland, ambako kulikuwa na kinu cha majaribio kilichokuwa kikifanyishwa kazi nchi kavu ili kasoro zijulikane kabla hazijatokea baharini. Mwaka 2012 maji ya kupozea kinu hicho yakaonekana yana mionzi kidogo isiyotarajiwa. Bunge lilikuja kuelezwa 2014, na serikali ikaamua kwamba Vanguard, iliyo kongwe kuliko wenzake, iwekwe fueli mpya, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Iliingia chelezoni Plymouth mwishoni mwa 2015 kwa kazi iliyokadiriwa kuchukua miaka 3 na ushei. Ilitoka Mei 2023.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo ilifichuka kwamba bolti kadhaa zinazoshikilia vifuniko vya mabomba ya kupozea kinu zilikatika vichwa kwa kukazwa kupita kiasi, na badala ya kutolewa zikabandikwa kwa gundi. Kichwa kimoja kilidondoka wakati wa ukaguzi. Gundi, ndani ya chombo cha nyuklia! Fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu angefukuzwa na wateja. Ukaguzi ulirudiwa, na siku zikazidi kwenda.

Kwa miaka 7 na zaidi, basi, nyambizi tatu zilifanya kazi ya nne. Kila iliyorudi ilirudi imechoka zaidi, ikahitaji muda mrefu zaidi wa kutengenezwa, na iliyoko baharini ikalazimika kungoja mwenzake apone. Doria zikanyooka: miezi 4, 5, 6, kisha zikaripotiwa zinazopita siku 200. Deni la karakana linalipwa na baharia kwa miezi ya maisha yake.

Na si la Waingereza peke yao. Marekani ina nyambizi iitwayo USS Boise iliyorudi kutoka safari yake ya mwisho 2015. Ilikosa nafasi ya kutengenezwa, 2017 ikanyang'anywa kibali cha kuzama, na mkataba wa kuifanyia ukarabati mkubwa ukatiwa sahihi 2024. Nyambizi isiyoruhusiwa kuzama, sijui tuiite nini.

"Miaka 30 si uzee kwa chuma"

Kwa meli ya mizigo, labda. Kuna majahazi yana umri wa mababu na bado yanakwenda, kwa sababu mwenye jahazi hulipandisha pwani, akalikalafati kwa pamba, akalipaka sifa, yaani mafuta ya papa, na ubao uliooza akautoa akatia mwingine. Nyambizi haibadilishwi ubao kirahisi hivyo.

Kila mita 10 za kina huongeza uzito wa maji kwa kiasi sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukifika mita 100, eneo la ukubwa wa mlango wa nyumba, tuseme mita 2 za mraba, linabeba tani kama 200. Chuma kinabonyea kidogo sana. Chombo kikipanda, kinarudi. Kikizama tena, kinabonyea tena. Chukua waya, ukunje na kuukunjua mahali pamoja. Hautakatika mara ya kwanza wala ya kumi, lakini hesabu inaendelea. Ndiyo maana Vanguard, iliyoanza kazi 1993, ilipewa maisha ya miaka 25. Warithi wake wa aina ya Dreadnought wanatarajiwa mwanzoni mwa miaka ya 2030. Piga hesabu mwenyewe.

Kuna pia vali, mabomba ya maji ya bahari na mipira ya kuzuia maji, vitu vidogo vidogo visivyopigwa picha na gazeti lolote, ambavyo mhandisi hulala akiviota.

"Mabaharia wanaliwa na mionzi"

Sivyo. Kinu kimezungushiwa kinga nzito, kila mtu huvaa kipimo, na maji ya bahari huzuia mionzi ya angani inayotupata sisi tuliopo juani. Kwa kawaida baharia wa nyambizi hupata mionzi kidogo kuliko aliyebaki nyumbani. Hewa ndiyo ya kuulizia: hewa ya ukaa humo ndani hubaki juu kuliko huku nje.

Hewa hiyo ndiyo ilikuwa sababu rasmi ya Uingereza kuwazuia wanawake kwa miongo. Wengi hudhani ni vyoo na vitanda. Hoja ilikuwa kwamba ingewadhuru wenye mimba, hadi madaktari wa jeshi walipochunguza na kuona kwamba ni wajawazito tu wasiofaa kwenda. Zuio liliondolewa 2011, na wanawake wa kwanza wakahitimu 2014. Kuruhusiwa kukaonekana ndiyo ushindi wenyewe. Oktoba 2024 mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, Admirali Ben Key, aliomba radhi hadharani baada ya uchunguzi kuthibitisha vitendo vya unyanyasaji wa kijinsia katika kikosi cha nyambizi. Mahali pasipo na mlango wa kutokea, mnyanyasaji na anayenyanyaswa hupakua chakula sufuria moja kwa miezi.

"Siku hizi si kama zamani, watu wanachati"

Nyambizi iliyojificha haitumi chochote. Ikitoa sauti hewani imejitangaza. Hupokea tu.

Kwa hiyo nyumbani mke, mume au mama huandika ujumbe mmoja kwa wiki, maneno yasiyozidi 120. Zamani yalikuwa 40. Ujumbe husomwa kwanza na watu wa nchi kavu, kisha hurushwa. Jibu hakuna. Mama anaandika kwamba mtoto ameota jino la pili, paa limezibwa, bibi anasalimia. Wiki ijayo anaandika tena, bila kujua la kwanza lilipokewaje. Na habari ya msiba kwa kawaida hushikiliwa hadi doria iishe, kwa sababu chombo hakitarudi na aliyeko ndani hawezi kufanya lolote zaidi ya kulia akiwa zamu. Mtu anaweza kuteremka gatini akaambiwa baba yake alizikwa miezi 4 iliyopita.

Sisi tunaojua uzito wa kukosa mazishi tunaweza kuelewa kwa nini fundi wa kinu, aliyesomeshwa kwa gharama kubwa na jeshi, huacha kazi akaenda kwenye mitambo ya umeme wa nyuklia ya kiraia, ambako jioni anarudi kwake. Uhaba ulifika juu kabisa: mwanzoni mwa 2024 iligundulika kwamba cheo cha mkurugenzi wa nyambizi wa Uingereza, nafasi ya admirali, kilikuwa kimetangazwa LinkedIn, mtandao wa kutafutia kazi.

"Kombora lilianguka, basi nyambizi imechakaa"

Januari 2024 Vanguard ilirusha kombora la majaribio karibu na Florida, waziri wa ulinzi akiwa humo ndani, nalo likatumbukia majini karibu na lilikotoka. Ilikuwa aibu, lakini kombora ni kitu kimoja na kinacholirusha ni kingine. Wizara ilisema chombo na watu wake wamefuzu. Anayetaka ushahidi wa uchakavu autafute kwenye miaka ile 7 ya chelezoni.

"Vita ndiyo humaliza watu wa nyambizi"

Tangu Vita Kuu ya Pili, bahari imewachukua wengi zaidi kwa ajali kuliko adui. Kursk ya Urusi, mwaka 2000, watu 118, torpido yake yenyewe ililipuka. San Juan ya Argentina, Novemba 2017, watu 44: maji yaliingia kupitia mfumo wa hewa, yakafika kwenye betri, na mwaka mmoja baadaye ikaonekana mita 900 hivi chini. Ilikuwa na miaka 32, na ilishakatwa katikati ikakarabatiwa. Nanggala ya Indonesia, Aprili 2021, watu 53, ilikutwa kaskazini ya Bali katika vipande vitatu, mita 838. Hiyo ilikuwa na miaka 40.

Marekani ilipopoteza Thresher na watu 129 mwaka 1963, ilianzisha utaratibu mkali wa kukagua kila kiungo kinachozuia maji: nani alikichomelea, kwa chuma gani, nani alikihakiki. Hakuna nyambizi yenye cheti cha utaratibu huo iliyozama tangu wakati huo. Makaratasi, jamani. Makaratasi yameokoa watu wengi kuliko ushujaa.

"Hayo ni ya wakubwa, Afrika hatumo"

Afrika Kusini ina nyambizi tatu zilizoundwa Ujerumani, zilizofika Simon's Town kati ya 2006 na 2008, nazo zimepewa majina ya wanawake: Manthatisi, Charlotte Maxeke na Queen Modjadji. Ni za dizeli na betri, ndogo, watu 30 hivi. Shida yao ni ile ile katika lugha nyingine: fedha za matengenezo hazitoshi, na nyambizi ikiingia karakanani hukaa miaka.

Tarehe 20 Septemba 2023, Manthatisi ilikuwa njiani kuelekea Cape Town, imeibuka, watu wakiwa juu ya sitaha wakipokea vitu kutoka helikopta mbele ya Kommetjie. Wimbi likawazoa saba. Watatu walikufa. Wengi walikimbilia kusema chombo kilikuwa kibovu. Waliokufa hawakuwa ndani ya chombo. Mgongo wa nyambizi ni wa mviringo, mwembamba, umelowa, hauna ukuta wa kujishikia, na maji ya upande ule wa Rasi hayana urafiki na mtu.

"Ikizeeka inauzwa vyuma chakavu"

Mwaka 2019 wakaguzi wa hesabu wa serikali ya Uingereza waliandika kwamba nchi hiyo ilikuwa imestaafisha nyambizi 20 za nyuklia tangu 1980, na haijamaliza kuiondoa hata moja. Tisa zilikuwa bado na fueli ndani. Zilikuwa zimefungwa magatini Plymouth na Rosyth, zikipakwa rangi, zikilindwa, zikilipiwa.

Ya kwanza kabisa iliitwa Dreadnought. Iliacha kazi 1980, na miaka 40 na zaidi baadaye ilikuwa ingali inaelea Rosyth, wakati Barrow, kunakoundwa nyambizi za Uingereza, mafundi wanaunganisha nyingine mpya ya jina hilo hilo.