Je, Wajua Namna ya Kudukiza Mazungumzo ya GPS na Kompyuta?

Mpima ardhi amerudi ofisini katikati ya Nairobi, amechomeka GPS yake ya mkononi kwenye kompyuta, na programu ya ramani imebaki tupu. Nani mwenye kosa: kifaa kilichonyamaza au programu isiyosikia? Wengi wetu huanza kwa kubadilisha kebo, lakini jibu la hakika hupatikana kwa kudukiza waya wenyewe.

Katika mawasiliano ya siriali ya RS-232, utaratibu uliotolewa Marekani mwaka 1960, biti (alama za 0 au 1) hupita moja moja kwenye waya wa kutuma, majibu hurudi kwa waya mwingine, na waya wa ethi huwa msingi wa kupimia volti kwa pande zote mbili. Anayetaka kusikiliza huchukua kompyuta ya pili, akaunganisha ethi kwa ethi, kisha akaunganisha pini yake ya kupokea, ambayo kwenye plagi ya pini 9 ya kompyuta ni pini ya 2, na waya ambao GPS hutumia kutuma. Pini yake ya kutuma huachwa wazi kabisa, kwa sababu watumaji wawili kwenye waya mmoja huharibiana maneno. (Kwenye USB hakuna haja ya kugusa nyaya, programu kama Wireshark inaweza kunakili data ndani ya kompyuta yenyewe.)

Kasi nayo ni lazima ilingane. GPS inayofuata NMEA 0183, utaratibu wa kupanga ujumbe wa vifaa vya urambazaji, kwa kawaida hutuma biti 4800 kwa sekunde, na kwa kuwa kila herufi huhitaji biti 10, yaani ya kuanzia, 8 za data na ya kumalizia, hupita herufi 480 kwa sekunde. Msikilizaji akiweka 9600, skrini hujaa takataka, na kifaa kizima hulaumiwa bure. Kasi ikilingana, hujitokeza mstari unaoanza na $GPGGA, yaani taarifa ya mahali kifaa kilipo, wenye vipande kama 0117.2,S na 03649.0,E: digrii 1 na dakika 17 kusini, digrii 36 na dakika 49 mashariki, yaani hapa hapa mjini.

Mistari hiyo ikionekana kamili, GPS haina kosa. Kagua kasi na mlango wa siriali (port) uliochaguliwa kwenye programu. Mikato ikifuatana bila tarakimu kati yake, kifaa kinatuma ila hakijapata setilaiti za kutosha, basi kitoe nje, mbali na maghorofa, ukisubiri.