Cheti chako cha Banksy si ushahidi

Kazi yangu ni kuthamini picha, na kauli ninayoisikia kuliko zote ni hii: “Ni Banksy halisi, ina cheti.” Anamaanisha picha ya Banksy, msanii wa mitaani wa Uingereza. Kisha mteja anatoa karatasi nene yenye mhuri wa dhahabu na jina la galari ambayo haipo. Jamani! Aliyeweza kughushi picha atashindwaje kughushi cheti?

Tangu 2008 wenye kauli juu ya kazi za Banksy ni Pest Control, ofisi yake mwenyewe. Cheti chao hubanwa pamoja na nusu ya noti bandia ya pauni 10, ile aliyoichapa Banksy mwaka 2004 ikiwa na uso wa Princess Diana mahali pa Malkia. Noti huchanwa kwa mkono na kuandikwa namba. Nusu ya pili hubaki ofisini. Zikikutanishwa, mchano na namba lazima vioane. Pesa ya uongo ndiyo inayothibitisha ukweli wa picha, na mimi sijaona kinga bora kuliko hiyo. Kwa hiyo usilipe hata senti kabla Pest Control hawajajibu. Muuzaji akikuharakisha, ondoka. Kama ni kipande cha ukuta kilichokatwa mtaani, usihangaike kuuliza: kazi za mitaani hawazitolei vyeti.

“Mimi nina jicho, feki naitambua.” Oktoba 2013, mzee mmoja aliweka meza karibu na Central Park, New York, akauza turubai halisi za Banksy kwa dola 60 kila moja. Watu walipita tu. Mauzo ya siku nzima yalikuwa dola 420.

“Ikichanwa, bei inapanda.” Tafadhali wekeni mikasi chini. Oktoba 2018, kwenye mnada wa Sotheby's, London, picha ya Banksy iitwayo Girl with Balloon ilichanwa nusu na mashine iliyofichwa ndani ya fremu, mara tu ilipouzwa pauni milioni 1.04. Mwaka 2021 ikauzwa zaidi ya pauni milioni 18. Mnunuzi alilipia tukio lile lililoshuhudiwa na ukumbi mzima, na Pest Control walikuwa wameipa kazi hiyo jina jipya na cheti kipya. Ukichana yako sebuleni, umebaki na vipande.

“Mr Brainwash hayupo, ni Banksy huyo huyo.” Mr Brainwash ni jina la kisanii la Thierry Guetta. Yupo, na maonyesho yake ya Los Angeles mwaka 2008 yalifanyika, watu wakapanga foleni. Kinachobishaniwa ni kiasi gani Banksy alimwongoza, na filamu ya Banksy ya 2010 inayomhusu Guetta, Exit Through the Gift Shop, haimalizi ubishi huo. Anayekupandishia bei ya kazi za Guetta kwa hoja hiyo anakuuzia uvumi.