Baridi ya Hemani Hutoka Chini
Vijana wetu wa Mombasa wanaopanda Mlima Kenya hubeba mablanketi mazito ya kujifunika, wakidhani baridi huwashukia kutoka juu. Sivyo. Kambini Shipton's, mita 4,200 hivi, usiku maji huganda, na ardhi ndiyo inayokunyonya joto. Blanketi halitengenezi joto. Hewa iliyonaswa ndani yake ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke, na ukililalia, hewa hiyo hubanwa ikatoka. Kwa hiyo tandika kwanza mkeka wa povu gumu, hata miwili, ndipo ujifunike.

Na jiko la makaa, nawasihi, lisiingie hemani kabisa: gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na huua mtu usingizini.