Moyo Kwenda Mbio kwa Sababu ya Dozi Kubwa ya Dawa ya Thairoidi

"Daktari, nikilalia ubavu wa kushoto nausikia moyo wangu ndani ya mto." Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mama mmoja aliyeingia kliniki akiwa amempakata mtoto wa miezi mitano. Nilimwomba anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama chini, nikaweka karatasi moja juu ya vidole vyake, na pembe za karatasi ile zikaanza kutetemeka kana kwamba upepo unapita chumbani. Ngozi yake ilikuwa ya moto na yenye unyevunyevu. Nilimshika kifundo cha mkono nikahesabu kwa dakika nzima: mapigo 112, yakifuatana kwa mpangilio mzuri, ilhali alikuwa ameketi kwa zaidi ya robo saa bila kufanya kazi yoyote.

Tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni inayotoa homoni ya kuongoza kasi ya mwili, ilikwisha kuondolewa kwa upasuaji miaka kadhaa kabla, kwa hiyo homoni yote iliyokuwa ikizunguka katika damu yake ilitoka kwenye kidonge. Kabla ya ujauzito alikuwa akimeza mikrogramu 100 za levothairoksini kila siku, na alipopata mimba dozi ikapandishwa hadi 150. Jambo hilo lilikuwa sahihi, kwani mjamzito huhitaji homoni zaidi, mara nyingi kwa asilimia 25 hadi 50. Baada ya kujifungua, hata hivyo, dozi inapaswa kurudi pale ilipokuwa kabla ya mimba, na damu kupimwa tena baada ya wiki 6 hivi. Yeye hakuambiwa hivyo na mtu yeyote, naye akaendelea kumeza 150 kila asubuhi bila kuruka hata siku moja. Kosa la namna hii huniuma sana, kwa sababu linamwangukia mgonjwa aliye mwaminifu kwa dawa zake. TSH ni homoni inayoiamuru thairoidi kufanya kazi, nayo hushuka homoni ya thairoidi inapozidi. Kipimo cha TSH cha mama huyu, ambacho kwa mtu mzima kwa kawaida huwa kati ya 0.4 na 4, kilisomeka chini ya 0.01.

Ili mtu aweze kuivumilia hali hii bila hofu inayozidi ugonjwa wenyewe, ni vizuri aelewe kinachotokea kifuani. Levothairoksini, ambayo madaktari huiita T4, ina atomu nne za iodini, na kazi yake kubwa ni kuwa akiba. Mwili huondoa atomu moja na kuifanya T3, na hiyo T3 ndiyo inayoingia katika seli za misuli ya moyo hadi ndani ya kiini, ambako huamsha baadhi ya jeni na kuzituliza nyingine. Matokeo yake ni kwamba seli hutengeneza kwa wingi protini zinazofanya msuli ukaze na kulegea haraka, vipokezi vya adrenalini huongezeka, na sehemu ya moyo inayoanzisha kila pigo hutoa ishara zake kwa kasi kubwa zaidi. Wakati huohuo mishipa midogo ya damu mwilini hutanuka, na moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kila dakika. Ndiyo maana mgonjwa husikia mapigo shingoni na masikioni usiku kukiwa kimya, hushindwa kupanda ngazi alizokuwa akizipanda bila taabu, na hushtuka kupita kiasi mlango ukifungwa kwa kishindo: adrenalini ile ile ya kila siku sasa inakuta milango mingi zaidi ya kupitia.

Swali ambalo kila mgonjwa huniuliza ni hili: nikipunguza dawa leo, moyo utatulia lini? Hapo ndipo subira hujaribiwa, na hapo ndipo wengi hukosea, ama kwa kuacha dawa kabisa kwa hasira, ama kwa kukata tamaa siku ya nne. Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu, kwani huchukua takriban siku 7 kupungua kufikia nusu, ingawa kwa mtu ambaye homoni imemzidi sana hupungua upesi zaidi, pengine kwa siku 3 au 4. Tuchukue ule muda wa siku 7 tufanye hesabu ya mama huyu. Aliposhuka kutoka 150 hadi 100, mwili wake haukuamka kesho yake ukiwa na kiwango cha 100. Baada ya wiki moja ulikuwa kama wa mtu anayemeza 125, baada ya wiki mbili kama wa 112, baada ya wiki tatu kama wa 106, na kadhalika. Tena moyo huchelewa kidogo nyuma ya damu, kwa sababu zile protini zilizokwisha kutengenezwa haziondoki siku homoni inaposhuka, bali huchakaa na kubadilishwa polepole. Mgonjwa aliyepunguza dozi siku ya Jumatatu na ambaye moyo bado unamwenda mbio siku ya Ijumaa hajashindwa na matibabu. Wakati wake haujatimia.

Mara nyingine, homoni ikiwa imezidi mno, mimi humwambia mgonjwa asimeze kidonge kabisa kwa siku chache kabla ya kuanza dozi mpya iliyo ndogo, ili safari iwe fupi. Uamuzi huo ni wa daktari anayemjua mgonjwa na kuona majibu ya damu yake, wala si wa kuchukuliwa nyumbani. Mtu asiye na tezi akiacha dawa kwa wiki nyingi huangukia upande wa pili, ambako moyo hupiga taratibu, lehemu hupanda kwenye damu, na hata maji yanaweza kukusanyika katika mfuko unaouzunguka moyo. Yule aliyemeza vidonge viwili siku moja kwa kusahau, kwa upande mwingine, kwa kawaida hana sababu ya kuogopa, kwa kuwa dawa inayokaa mwilini kwa wiki nzima haitikiswi sana na kidonge kimoja cha ziada. Mwenye ugonjwa wa moyo ndiye apige simu kwa daktari wake. Mtoto aliyemeza vidonge vya mzazi ni jambo tofauti kabisa, na apelekwe hospitali hata kama anacheza vizuri, kwani dalili zake zinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa.

Katika kipindi hicho cha kungoja, kipo kipimo kimoja ambacho kila mtu anaweza kukifanya mwenyewe, nami hukifundisha kabla mgonjwa hajainuka kitini. Asubuhi, kabla ya chai au kahawa, keti kimya kwa dakika tano. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu kwa sekunde 60 kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu utakosa lile jambo lenye uzito kuliko idadi, yaani mpangilio. Mapigo 105 yanayofuatana sawasawa kama hatua za askari hunitia wasiwasi mdogo kuliko mapigo 90 yanayokuja ovyo, mawili haraka, moja limechelewa, matatu yamesongamana. Andika tarehe, idadi, na neno moja: "sawa" au "ovyo". Pigo moja linaloruka mara chache, likifuatwa na dundo zito kifuani, huwapata hata watu wazima wenye afya, na dozi inaposhuka nalo hupungua.

Mapigo yanayokuja ovyo mfululizo ndiyo ninayoyaogopa, kwa kuwa yanaweza kuwa ni mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo. Homoni inayozidi hufupisha muda ambao msuli wa vyumba hivyo hupumzika kati ya ishara moja na nyingine, na ishara za umeme huanza kuzunguka bila utaratibu. Vyumba vikitetemeka badala ya kukaza, damu inaweza kuganda ndani yake, na bonge dogo likisafiri hadi ubongoni huleta kiharusi. Utafiti wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ulionyesha mwaka 1994 kwamba watu wa umri wa miaka 60 na zaidi ambao TSH yao ilikuwa 0.1 au chini ya hapo walipatwa na mtetemo huo takriban mara tatu zaidi ya wenzao katika kipindi cha miaka 10. Wengi wenye TSH ya chini namna hiyo hawajisikii wagonjwa. Kwa sababu hiyo mzee anayeniambia kwamba dozi kubwa inampa nguvu, na kwamba nisiiguse, husikilizwa kwa heshima, kisha hupimwa umeme wa moyo, na dozi yake hupunguzwa.

Dawa za kundi la beta bloka, kama propranololi, zinaweza kumpa mgonjwa nafuu siku ile ile, kwa kuwa hufunga vile vipokezi vya adrenalini vilivyozidi. Kutetemeka hupungua na usingizi hurudi. Haziondoi homoni mwilini, bali humshika mgonjwa mkono hadi homoni ipungue yenyewe. Mama yule nilimpa kiasi kidogo baada ya kuhakikisha kwamba hana pumu, kwa kuwa propranololi huweza kubana njia za hewa za mwenye pumu, na baada ya kumweleza kwamba inayopita katika maziwa ya mama ni kidogo. Mwenye kisukari anayetumia insulini naye ajue kwamba dawa hizi huficha mapigo ya haraka yanayomtahadharisha kwamba sukari imeshuka. Kwa hayo yote, tafadhali usiazime vidonge vya ndugu au jirani, na ukishavitumia kwa wiki kadhaa usiviache ghafla.

Mambo mengine ni madogo lakini yana msaada. Punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, na umwulize mfamasia kabla ya kununua dawa ya mafua, kwa sababu zile za kuzibua pua mara nyingi huharakisha moyo. Kutembea polepole kunafaa. Kukimbia na kubeba vizito kungoje mapigo ya kupumzika yashuke chini ya 90 kwa siku kadhaa mfululizo.

Zipo dalili ambazo hazingoji miadi. Maumivu au kubanwa kifua, kuzirai, kukosa pumzi ukiwa umeketi au umelala, mapigo yanayozidi 120 ukiwa umepumzika au yanayokwenda ovyo bila kukoma, uso kuinama upande mmoja, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito: lolote kati ya haya ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, na chukua pakiti ya dawa zako zote.

Tukirudi kwenye chanzo, dozi iliyokuwa sahihi mwaka jana inaweza kuwa kubwa mwaka huu bila mtu kukosea kidonge. Kwa mtu asiye na tezi tunakadiria mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo aliyepungua kilo nyingi huhitaji dozi ndogo kuliko ya awali, na umri ukisogea mahitaji hushuka pia. Aliyeacha vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, ambavyo vilikuwa vikizuia dawa kufyonzwa tumboni, hujikuta akipata homoni zaidi kutoka kidonge kile kile. Aliyeacha vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni naye huweza kuhitaji kupunguziwa. Wapo pia waliopewa vidonge vya 125 wakidhani ni vya 25, na wapo wanaopewa dozi ya kushusha TSH kwa makusudi baada ya saratani ya thairoidi. Hawa wa mwisho wasipunguze chochote kabla ya kuzungumza na daktari wao. Anayetumia wofarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amweleze daktari kila dozi ya thairoidi inapobadilika, kwani homoni ikishuka nguvu ya wofarini hupungua nayo.

Si kila moyo unaokwenda mbio kwa mtu anayemeza levothairoksini umeharakishwa nayo. Nimewaona wenye TSH ya 2 na mapigo 110, na kipimo kikaonyesha kwamba wana upungufu mkubwa wa damu. Nimeona pia kinyume chake, yaani majibu yanayoonyesha homoni nyingi kwa mtu aliye sawa kabisa, kwa sababu alikuwa akimeza biotini ya kuimarisha nywele na kucha, ambayo hupotosha baadhi ya mashine za maabara. Iache kwa angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na siku ya kipimo meza kidonge chako cha thairoidi baada ya damu kuchukuliwa, kwa kuwa T4 hupanda kwa saa chache baada ya kumeza.

Mama yule alirudi baada ya wiki 6 na ukurasa wake wa namba. Wiki ya kwanza mapigo ya asubuhi yalikuwa kati ya 98 na 106, ya tatu yalikuwa 88, ya sita yalikuwa 76, na propranololi alikuwa amekwisha kuipunguza hatua kwa hatua kama tulivyokubaliana. Karatasi niliyoiweka juu ya vidole vyake ilitulia. TSH ilikuwa bado 0.08, na aliponiuliza kama tupunguze tena nilimwambia hapana, kwa sababu tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo ndiyo hutoa TSH, ikikandamizwa kwa miezi huchelewa kuamka hata baada ya T4 kurudi kawaida, nayo T4 yake ilikwisha kurudi. Tulipima tena wiki ya 14. TSH ilisomeka 1.4, na dozi ikabaki 100.